Masikio ni ya Nkambo

Kila asubuhi Orpa alikuwa wa kwanza kuamka nyumbani kwao, katika mtaa wa Kikula, mjini Likasi. Alichota maji bombani kabla foleni haijawa ndefu, akafagia kiwanja, kisha akawasha mbabula, lile jiko la makaa ambalo karibu kila nyumba ilikuwa nalo mbele ya mlango. Maji yakichemka, mama yake, Germaine, alichukua beseni lake la unga wa mahindi na kwenda kuuza. Orpa naye alishika njia ya shule. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mwaka ule wa 1995 shule yao ilikuwa ya nusu siku tu, kwa sababu walimu wengi walikuwa wameacha chaki na kwenda kulima. Baba yake, Athanase, alikuwa Lubumbashi akitafuta kazi tangu kiwanda chake kilipopunguza watu.

Saa saba mchana, baada ya kula, ndipo ilipofika kazi aliyoipenda kuliko zote: kumwekea Nkambo kaseti.

Nkambo ndivyo watoto wa Likasi wanavyomwita bibi. Nkambo Élisabeth alikuwa mama yake Germaine. Alikuwa mwembamba, mwenye uso mdogo na kitambaa cha kichwa kilichofungwa vizuri hata siku ambazo hakutoka nje. Miguu yake ilikuwa dhaifu, hakusikia vizuri, na hakuwahi kujifunza kusoma. Kwa hiyo binti yake mdogo, Carmen, hakumwandikia barua. Alimtumia sauti yake.

Carmen alikuwa ameolewa na mwanamume aitwaye Kalombo, ambaye wazazi wake walitoka Kasai. Miaka miwili iliyopita, watu wengi wenye asili ya Kasai walipolazimika kuondoka mjini, Kalombo alipanda treni pamoja na ndugu zake, na Carmen akamfuata mumewe. Sasa waliishi Mwene-Ditu, mbali sana. Miezi michache baadaye Carmen alimtumia mama yake kinasa sauti kidogo, kinachoenea mfukoni, chenye kitufe chekundu cha kurekodi. Chenyewe hakikuwa na spika. Ili usikie, ilibidi uchomeke waya wenye spika mbili ndogo za kuingiza masikioni, ambazo watu wa pale waliziita kwa Kifaransa, écouteurs.

Orpa alikuwa mtunzaji wa kila kitu. Aliweka betri juani ili zipate nguvu kidogo, akazungusha kaseti kwa kalamu, akamtia Nkambo spika masikioni, akabonyeza. Kisha alikaa kumtazama. Nkambo hakusikiliza kimya. Alijibu kila neno kana kwamba Carmen yuko mbele yake.

"Njo, mutoto wangu," alisema peke yake mkekani, maana "njo" kwa watu wa Likasi ni "ndiyo". "Njo. Na weye unakula vizuri?"

Jumapili moja ya mwezi wa sita, zile spika zilinyamaza. Waya ulikuwa umekwisha kufungwa kwa utepe mara nne. Orpa aliukunja huku, akaunyoosha kule, lakini haikusaidia. Siku tatu baadaye, Jumatano, ukasikika mlango wa kiwanja ukigongwa. Alikuwa Mama Kabedi, mfanyabiashara aliyekuwa akisafiri kwa treni kati ya Likasi na Kasai, na mkononi alikuwa na kaseti mpya.

"Carmen anasalimia ninyi wote," alisema. "Amesema Nkambo asikilize mpaka mwisho na ajibu. Minye mwenyewe narudi Jumamosi. Saa sita nitakuwa gare, pale pa kupandia treni. Nikienda, sijui nitarudi lini tena. Treni yenyewe munaijua."

Nkambo aliishika kaseti kwa mikono miwili kama mtu anayeshika yai.

"Tuombe redio ya Papa Évariste," alisema Orpa. Évariste alikuwa jirani yao, kiongozi wa kwaya, na alikuwa na redio kubwa ya kaseti.

"Umeme umekatika wiki nzima, ile redio inakula betri sita," alijibu mama yake, Mama Germaine.

"Hata ingekuwa na umeme," alisema Nkambo, "maneno ya mutoto wangu si ya mtaa muzima."

Basi Alhamisi, Orpa alipotoka shuleni, mama yake alimpa mkebe mkubwa wa unga uliojaa mpaka juu. Siku zile noti zilipoteza thamani kati ya asubuhi na jioni, na wauzaji wengi walipendelea kubadilishana na chakula.

"Nenda kwa fundi Cyrille, sokoni," alisema. "Usilete zile za kuvaa kichwani, zitabana kitambaa cha Nkambo na kumuumiza. Leta ndogo za kuingiza sikioni. Na beba ile kaseti ujaribu kwanza. Umesikia?"

"Ndiyo, maman."

Fundi Cyrille alikuwa na meza ndogo kati ya muuza chumvi na muuza mitumba. Zamani alitengeneza simu za kiwanda. Sasa alitengeneza chochote kilichokuwa na waya. Juu ya meza yake kulikuwa na sanduku la mbao, na ndani yake spika za masikioni za kila namna, nyingine kuukuu, nyingine zimeungwa kwa vipande vya nyaya tofauti. Lakini Orpa hakuliona sanduku. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kamba iliyokuwa juu ya meza. Hapo zilining'inia spika mpya, za rangi ya fedha, zenye waya mwekundu uliong'aa.

"Hizo zimefika juzi kutoka Zambia," alisema Cyrille. "Jaribu."

Alichomeka waya kwenye kinasa sauti chake, na muziki ukalia. Orpa alishtuka. Gita zilikuwa zikicheza katikati ya kichwa chake, na ngoma aliisikia mpaka tumboni. Hakuwahi kusikia kitu kama kile. Mbele ya macho yake alijiona akipita mbele ya wasichana wenzake, waya mwekundu ukishuka shingoni.

"Nachukua hizi!"

"Ngoja kwanza. Za nani?"

"Za nyumbani," alijibu Orpa, akitazama pembeni.

"Kwa kusikiliza nini? Kama ni muziki, sawa, hakuna za kuzishinda. Kama ni muntu anaongea, hizi ziko na besi mingi, zinafunika maneno. Na angalia, ni nene na ngumu. Sikio dogo haziwezi kuingia vizuri." Akavuta lile sanduku. "Humu niko na zingine. Haziko na sura nzuri, lakini tunaweza kujaribu moja moja. Umekuja na kaseti?"

Kaseti ya Carmen ilikuwa mfukoni. Orpa aliigusa kwa vidole. Akazitazama zile za sandukuni, moja nyeusi, moja ya kijivu, vumbi tupu. Akajiambia kwamba Nkambo angefurahi zaidi kupata kitu kipya.

"Hapana, hizi zinatosha," alisema, akamsogezea fundi mkebe wa unga.

Nyumbani mama yake alizigeuzageuza zile spika mkononi.

"Nzuri sana. Ulijaribu kwa sauti ya muntu?"

"Ndiyo."

"Na nyingine hazikuwepo, ndogo kidogo kuliko hizi?"

"Hazikuwepo, maman." Maneno yalitoka haraka, hata Orpa mwenyewe alishangaa jinsi yalivyokuwa mepesi.

Nkambo alikuwa tayari mkekani. Orpa alimtia spika sikioni, ikaanguka. Akaisukuma kidogo, Nkambo akakunja uso, kisha akatabasamu. Orpa alibonyeza kitufe. Nkambo alisikiliza, akatikisa kichwa, akatabasamu tena. Lakini mara hii hakujibu hata neno moja. Baada ya muda mfupi alizitoa.

"Nzuri, mama. Aksanti sana. Nimechoka kidogo, nitamaliza kesho. Chukua weye, usikilize muziki wako."

Orpa hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alitafuta kaseti ya rumba ya baba yake, akakaa nyuma ya nyumba mpaka jua lilipokaribia kuzama, akicheza kwa mabega.

Ijumaa mchana mambo yalikuwa yale yale. Nkambo alisikiliza, akatabasamu, akatikisa kichwa. Alipozitoa spika, Orpa aliona kitu. Sikio la Nkambo lilikuwa jekundu, na pembeni kulikuwa na mchubuko mdogo.

"Nkambo! Zinakuumiza?"

"Kidogo tu. Si kitu."

"Mama mdogo Carmen amesema nini?"

Nkambo alikunjua kanga yake, akaikunja tena. "Amesema... amesalimia watu wote."

Orpa alichukua kinasa sauti, akarudisha kaseti mwanzo, akajitia spika mwenyewe. Besi ilinguruma. Ndani yake, kama mtu anayeongea chini ya maji, aliisikia sauti ya Carmen. Hata yeye, mwenye masikio mazima, alilazimika kufumba macho na kurudia mara tatu kila sentensi. Taratibu maneno yakaanza kupatikana.

"Mama, Mungu ametupa mutoto mwanamuke. Ana miezi miwili. Kalombo amesema jina utoe weye, kwa sababu weye ndiye mukubwa aliyebaki. Mpaka leo tunamwita Mutoto tu, tunakungojea. Sasa nyamaza kidogo, Mama. Nimemweka karibu na mashine. Usikie mujukuu wako."

Halafu kikaja kitu kama upepo, kama kikohozi, kisha mngurumo tu. Orpa hakuweza kujua kama ni kilio au kicheko.

Alizitoa spika, akamtazama Nkambo aliyekuwa amekaa na kumngojea. Angeweza kumweleza habari ya mtoto na habari ya jina. Lakini ile sauti ya mwisho angeielezaje? Carmen alikuwa ameituma toka Mwene-Ditu iingie sikioni mwa Nkambo, na yeye Orpa ndiye aliyeizuia njiani kwa sababu ya waya mwekundu. Akaamua habari hiyo Nkambo aisikie kwa Carmen mwenyewe.

Mama Germaine aliporudi na beseni lake tupu, alimkuta Orpa amesimama mlangoni. Hakuwa na moyo wa kuzungusha maneno.

"Maman, nilikudanganya. Fundi alikuwa na nyingine. Alinionya. Sikujaribu kaseti. Nilichagua hizi kwa sababu nilizipenda minye. Nkambo hasikii kitu, na zimemchubua sikio."

Mama Germaine aliweka beseni chini. Kisha akaingia ndani kwa mama yake, Orpa akiwa nyuma.

"Mama, ni kweli husikii kwa hizi spika?"

Nkambo aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekamatwa na sukari. "Minye sisikie hata neno, binti yangu. Nasikia bum, bum, bum. Lakini mutoto alikuwa na furaha sana. Ningemwambiaje?"

"Basi!" Mama Germaine alipiga makofi. "Mudogo ananidanganya, mukubwa ananidanganya! Minye peke yangu ndiye mupumbavu wa nyumba hii!"

Alitaka kukasirika, lakini mdomo ulimponyoka, akacheka. Nkambo naye akacheka. Orpa ndiye aliyelia. Mama yake alimvuta karibu, akampangusa uso kwa pembe ya kanga.

"Machozi hayatatusaidia. Kesho Mama Kabedi anaondoka saa sita. Soko linafunguliwa saa mbili. Utafanya nini?"

"Nitarudi kwa fundi. Nitajaribu zote, moja moja."

"Kwa masikio ya nani?"

Orpa alimtazama Nkambo. Kisha akasema, "Nkambo aende mwenyewe."

Nkambo hakuwa amefika sokoni mwaka mzima. Lakini Jumamosi asubuhi na mapema Orpa alikwenda kwa Papa Évariste kuomba baiskeli. Walifunga mto juu ya kiti cha nyuma kwa mpira, wakamkalisha Nkambo, na Orpa akashika usukani akisukuma, mama yake akimshikilia Nkambo mgongoni. Barabara ilikuwa na mashimo mengi. Kila shimo Nkambo aliita, "Yee! Yee!" kisha akasalimia watu wa pande zote mbili kana kwamba alikuwa anagombea uchaguzi. Nusu ya Kikula ilimfahamu.

Fundi Cyrille aliwaona, akaelewa kabla hawajasema. Alimpa Nkambo kiti chake mwenyewe.

"Fundi," alisema Orpa, "uliniuliza za nani, nikakuficha. Ni za Nkambo wangu. Anasikiliza mutoto wake. Nakuomba tubadilishe."

Cyrille alizikagua zile spika za fedha. "Hazijaharibika. Kuna kijana amekuja kuziulizia jana. Sawa. Lakini leo hautoki hapa bila kujaribu."

Alilileta sanduku. Kila jozi aliipangusa kwanza kwa pamba yenye spiriti. "Sikio ni kama jicho," alimwambia Orpa. "Usimtie muntu uchafu wa mwingine." Kisha akamfundisha. Kwanza ashike waya karibu na plagi autikise. Sauti ikikatika, jozi hiyo iwekwe kando. Halafu asikilize kushoto, kisha kulia. Mwisho, kaseti yenyewe, na sauti isipandishwe sana, maana kelele inayoua sikio haitoi taarifa.

Orpa alitikisa nyaya za jozi sita. Mbili zilikatika hapo hapo. Moja ilisema upande mmoja tu. Zilibaki tatu, na hizo tatu alizipeleka kwa Nkambo.

Nkambo akawa hakimu. "Hii inanikuna," alisema kuhusu ya kwanza. Ya pili alikaa nayo kidogo zaidi. "Hapa Carmen anaongea kama mbu. Ondoa."

Ya tatu ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote kwa sura. Upande mmoja ulikuwa mweusi, mwingine wa kijivu, na sifongo zake zilikuwa zimeshonwa kwa uzi. Lakini zilikuwa ndogo na nyepesi, na ziliingia bila kusukumwa. Orpa alibonyeza kitufe, akarudi nyuma hatua moja.

Muuza chumvi alikuwa akipigia kelele wateja wake. Nkambo hakumsikia.

"Njo, mutoto wangu," alisema ghafla. "Njo, niko." Halafu: "Mwanamuke? Eee! Mungu!" Halafu akainua kidole kumnyamazisha kila mtu, ingawa hakuna aliyekuwa akiongea naye. Uso wake wote ulikusanyika mahali pamoja. Orpa alijua kaseti imefika wapi.

Nkambo alianza kucheka huku machozi yakishuka mpaka kwenye kidevu.

"Huyu analia kwa hasira! Germaine, sikiliza! Analia kama marehemu mama yangu alivyokuwa akituita kutoka shambani. Njia nzima ilikuwa inasikia!" Akampa Mama Germaine upande mmoja, na wote wawili wakainamisha vichwa pamoja, kitambaa kwa kitambaa. Kisha Nkambo akamwita Orpa, akamtia upande ule mwingine. Sasa Orpa alikisikia wazi. Kilikuwa kilio kidogo, kikali, cha mtu ambaye hajakubali kuwekwa mbele ya mashine. Mwishoni kabisa, mtoto alipiga chafya.

"Carmen tunamjibu leo leo," alisema Nkambo. "Orpa, bonyeza ile nyekundu."

Wakageuza kaseti upande wa pili. Pale pale sokoni, Nkambo alishika kinasa sauti mbele ya mdomo.

"Carmen, minye mama yako. Nimemsikia. Huyo ni Mwadi, jina la mama yangu. Mwambie Kalombo nimeshukuru. Mwadi, weye mutoto, huyu ni nkambo wako. Kula, lala, na usinyamaze mtu akikuonea." Akafikiri kidogo. "Hapa ni sokoni. Hizo kelele ni watu wa Kikula, wanakusalimia."

Muuza chumvi alipaza sauti kweli, akasalimia.

Walifika kituoni saa tano na nusu, Orpa akitoka jasho nyuma ya usukani. Mama Kabedi alikuwa amekalia mizigo yake. Alipokea kaseti, akaifunga katika pembe ya kanga yake, mafundo mawili. Treni, kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile, haikuwa na haraka. Lakini jina la Mwadi lilikuwa mikononi mwa msafiri, na hilo ndilo lililowahusu.

Walipopumzika kwenye kivuli cha ukuta wa kituo, Orpa alimgeukia bibi yake.

"Nisamehe, Nkambo."

"Nimekwisha kusamehe tangu jana. Lakini sikiliza, niko na maneno mawili. La kwanza: kupenda kitu kizuri si dhambi. Hata minye nilipokuwa msichana nilipenda vitu vya kung'aa. Lakini ukitumwa kumchagulia muntu mwingine, acha kwanza mapendo yako mlangoni. Muulize yeye. Angalia mwili wake, masikio yake, kazi atakayofanya na hicho kitu. Ndipo utachagua vizuri."

"Na la pili?"

Nkambo alimtazama Germaine, akaona aibu kidogo, kisha akasema, "La pili ni letu wote wawili. Weye ulificha kwa kuogopa, minye nilificha kwa kukupenda. Yote mawili ni kuficha. Ungesema kweli Alhamisi, ningemsikia Mwadi Alhamisi. Na minye ningesema zinaniumiza, usingebeba huo uzito siku mbili. Toka leo, kitu kikikuuma au ukikosea, sema mapema, kingali kidogo. Na minye nitasema."

"Kweli, Nkambo?"

"Kweli kabisa. Na ninaanza sasa." Nkambo alijinyoosha, akajishika kiuno. "Ule mto wa baiskeli ni mgumu kama jiwe. Nimeumia toka Kikula mpaka hapa."

Mama Germaine alivua kitenge chake cha juu, akakikunja mara nne, akakitandika juu ya mto. Orpa akashika usukani, akaangalia nyuma kuhakikisha Nkambo amekaa vizuri, akamwuliza mara mbili, kisha wakaanza safari ya kurudi nyumbani polepole.